Mnyoo wa Bandia Amekosa Nini?

Fungua kisanduku chako kando ya mto wa trauti. Mwenzako akiona katikati ya manyoya na mbawa kipande cha uzi mnene mwekundu kilichofungwa kwenye ndoano, hukumu hutoka papo hapo. Atatabasamu kwanza. Kisha atakuambia, kwa sauti ya mtu anayesoma kifungu cha sheria, kwamba huo si uvuvi wa nzi. Nzi ni kiumbe wa hewani, hutua juu ya maji kwa adabu. Mnyoo ni wa matopeni, chambo cha watoto, na anayemwiga kwa uzi ametafuta njia ya mkato. Nimeisikia kauli hiyo Nyeri, nimeisikia Nanyuki, na nimeisikia hata mezani Lodwar, kutoka kwa mtumishi wa umma aliyehamishiwa huku na ambaye hajagusa mto wa baridi tangu aletwe. Karibu kila mvuvi wa nzi nchini anaikubali. Mimi naiona kauli tupu.

Ninaishi Nadapal, Turkana, ambako hakuna trauti hata mmoja. Kuufikia Mto Gura au Thiba ni kupanda kwanza hadi Kitale, kisha kulivuka Bonde la Ufa lote. Samaki wetu ni mbuta na ngege wa Ziwa Turkana, na jambo linalomkosesha usingizi mchuuzi wa Kalokol ni kama mzigo wake umekauka vizuri kabla gari la Kakuma halijaondoka. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kuna watu kutoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini, baadhi yao waliokulia ufuoni mwa Tanganyika, na samaki humpima kwa kumnusa tu. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama yule aliyemo kwenye gunia alivuliwa kiungwana. Sisemi kwamba mchezo ufuate desturi za soko. Mchezo una masharti yake, na ukiyaondoa hakuna mchezo. Ila anayeweka sharti awe na uwezo wa kulitetea, na hili la mnyoo sijapata bado mtu wa kulitetea hadi mwisho.

Tuanze na visanduku vya mahakimu wenyewe. Humo hutakosa Woolly Bugger: mkia wa manyoya laini yanayopepea majini, mwili wa uzi mnene wenye vinyweleo, na unyoya wa jogoo uliozungushwa kutoka kichwani hadi mkiani. Waulize anaiga nini. Wengi watakujibu bila kusita kwamba anaiga ruba. Sasa ruba na nyungunyungu ni ndugu wa ukoo mmoja, wote ni minyoo wa pingili. Mwalimu yeyote wa baiolojia Lodwar atakueleza hivyo. Kwa hiyo mnyoo anayenyonya damu ameruhusiwa ndani ya kisanduku cha muungwana, na mnyoo anayekula majani yaliyooza amefukuzwa. Kando ya Woolly Bugger yupo Royal Coachman, mwenye mwili wa manyoya ya tausi, mshipi wa hariri nyekundu kiunoni na mbawa nyeupe. Huyo haigi mdudu yeyote aliyewahi kuumbwa, lakini kwa miaka zaidi ya mia moja amekuwa nzi wa heshima.

Na waungwana hao hao, wanapopanga safari ya kuja kwetu kumtafuta mbuta, hufunga "nzi" wenye urefu wa kiganja, wenye macho ya kubandika na nyuzi zinazometameta, wanaofanana na samaki mdogo anayekimbia. Samaki si nzi. Hana mbawa, haruki. Lakini hapo hakuna anayecheka. Enzi za wageni waliotua kwa ndege ndogo katika Ghuba ya Ferguson, wengi wao walikokota nyuma ya mashua vipande vya chuma vilivyong'arishwa kama vijiko, na walirudi Nairobi na picha zao wakiitwa wanamichezo. Kama kigezo ni mdudu mwenye mbawa, kiwafukuze wote. Kama kigezo ni kuiga kwa mkono wako kitu ambacho samaki anakila, mnyoo ana haki kuliko Royal Coachman.

Wakibanwa hapo hukimbilia mila. Mila ya nani? Trauti si wa Kenya. Aliletwa mwaka 1905, mayai yake yakitoka Loch Leven huko Uskoti, na Ewart Grogan ndiye aliyemtia katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa rangi za upinde wa mvua alifuata baadaye, kwa njia ya Afrika Kusini. Pamoja na samaki wakaja nzi waliobuniwa kwa ajili ya wadudu wa mito ya Hampshire, na pamoja na nzi ikaja kanuni ya namna ya kuwarusha. Tukaipokea yote kama kifurushi kimoja. Hatukufungua kuona ndani mna ugomvi.

Maana huko Uingereza kwenyewe hawajawahi kukubaliana. Frederic Halford, tajiri aliyeacha biashara akajitolea kwa mto, alitoa kitabu chake cha nzi wanaoelea mwaka 1886, na wafuasi wake wakafanya kuelea kuwa dini: usirushe mpaka umwone samaki akila juu ya maji, na unachokirusha kikae juu ya maji. Mwaka 1910 mwanasheria mmoja, G. E. M. Skues, akaandika kwamba trauti hula zaidi chini kuliko juu, na kwamba hakuna dhambi kumwigia buu lingali majini. Alikuwa na hoja, alikuwa na matumbo ya samaki aliyoyapasua na kuyachunguza, lakini hakusamehewa. Februari 1938, akiwa mzee wa karibu miaka 80, wanachama wa klabu ya wavuvi wa nzi mjini London waliketi kumjadili, na mwaka huo huo akaondoka kwenye mto aliokuwa ameuvua kwa miongo mingi. Leo hakuna mvuvi wa Mathioya au Burguret asiyebeba buu la bandia, na hao hao wanaolibeba ndio wanaoninyooshea kidole kwa ajili ya mnyoo.

Tukirudi nyuma zaidi, mambo yanawawia magumu zaidi. Kitabu cha kale cha uvuvi kwa Kiingereza, kilichochapwa 1496 na ambacho kwa desturi huhusishwa na Dame Juliana Berners, kinaorodhesha nzi kumi na wawili, na katika kurasa hizo hizo kinaeleza minyoo gani itumike kwa samaki gani na mwezi gani. Izaak Walton, ambaye picha yake hutundikwa kwenye kuta za klabu, alivua sana kwa mnyoo. Sehemu kubwa ya habari za nzi katika kitabu chake cha 1653 iliandikwa na rafiki yake Charles Cotton na kuongezwa mwaka 1676. Babu wa mila ana tope kwenye kucha.

Na greilingi je? Samaki huyu hatumjui Afrika, ni wa mito ya baridi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mwenye pezi la mgongoni kubwa kama tanga. Kwenye mito ya trauti ya kusini mwa Uingereza alihesabiwa kuwa mharibifu. Walinzi wa mito walimkokota kwa nyavu wakamtupa nje. Kaskazini, Yorkshire, walimpenda, na majira ya kipupwe walimvua kwa mnyoo mwekundu aliyening'inizwa chini ya boya dogo. Mdomo wake umeelekea chini, kwa hiyo chakula chake kingi hukiokota sakafuni mwa mto. Mlinzi wa Mto Avon, Frank Sawyer, alipotaka kumpunguza alifunga kitu kisicho na unyoya hata mmoja: waya wa shaba uliozungushiwa uzi wa sufu wa rangi ya kijivu yenye wekundu kwa mbali. Kinaitwa Killer Bug. Kiweke mezani, kinafanana na funza. Wavuvi wa leo hukizungumzia kwa unyenyekevu, na wengine husaka uzi halisi wa kiwanda kile kana kwamba ni dawa. Funza wa sufu ni urithi. Mnyoo wa sufu ni aibu. Anayeweza kunieleza tofauti anieleze.

Lakini hoja yangu kubwa imo mtoni, siyo vitabuni. Nenda Aberdare au miteremko ya Mlima Kenya mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Vijito vinavyotoka kwenye mashamba ya chai na viazi hushuka na udongo, na udongo haushuki peke yake. Nyungunyungu ambaye mashimo yake yamejaa maji hutoka juu, na mvua ikizidi hubebwa. Mto ukiwa na rangi ya matope, trauti haoni mdudu mdogo anayeelea, na mdudu mwenyewe haanguliwi kwa wingi siku hiyo. Hujibanza nyuma ya jiwe au kwenye kona ambako mkondo umepungua, akingoja kitu kikubwa na chenye nyama kimpitie. Pasua mmoja wa siku kama hiyo ujionee: utumbo umevimba, na ndani yake kuna fundo la minyoo waliosokotana, wengine bado wekundu, na udongo mweusi uliokuwa matumboni mwao. Kumrushia samaki huyo nzi mkavu mwenye mbawa kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ni kumwambia mto kwamba hujausoma na hutausoma.

Nje ya msimu wa mafuriko bado wapo. Mchangani na kwenye majani yaliyooza mna minyoo wembamba wa majini, na wapo watoto wa usubi, mabuu mekundu yenye himoglobini ambayo huyawezesha kuishi penye hewa kidogo. Uzi mwekundu unaodharauliwa humfanania mmoja wa hawa kwa rangi, kwa umbo na kwa namna anavyojikunja akichukuliwa na maji.

Mtindo wenyewe maarufu ulipewa jina la Mto San Juan, jimbo la New Mexico, Marekani, na habari ya mto huo sisi wa Lodwar tunaielewa kwa wepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walimaliza hapo Bwawa la Navajo. Mto uliokuwa wa vuguvugu na wa matope, wenye mafuriko yake, ukaanza kutoka chini ya ukuta ukiwa baridi, safi na wa kiasi kile kile karibu mwaka mzima. Wakapandikiza trauti. Wadudu wengi wa mto wa zamani hawakuhimili hali hiyo, lakini usubi na minyoo walineemeka kwenye mashapo laini, na wavuvi wa huko wakafunga walichokiona. Hapa kwetu Mto Turkwel umekuwa na lango tangu 1991. Zamani ulishuka kutoka Mlima Elgon na Cherangani kwa mapenzi ya mvua. Siku hizi unashuka pia kwa mapenzi ya mitambo ya umeme, na kila mwenye shamba ukingoni anajua kwamba mto uliofungwa si mto ule wa baba zake. Mito ya trauti nayo inakatwa, inawekewa mabomba, inafugiwa nyuma ya kuta. Mvuvi anayeng'ang'ania wadudu wa mto ambao haupo tena anamkumbuka marehemu, havui.

Wanasema ni rahisi mno. Hii huwa nachekea. Kumfunga ni rahisi, kweli: uzi mnene wa urefu wa kidole, mafundo mawili kwenye shina la ndoano, ncha mbili ukizichoma kidogo kwa kiberiti zichongoke, basi. Kumvulia ni habari nyingine. Nzi anayeelea unamwona, na samaki akimchukua unamwona. Mnyoo yuko chini, usawa wa mawe, na ni lazima asafiri kwa mwendo wa maji ya chini, ambayo huenda polepole kuliko ya juu. Mshipi ukivutwa na maji ya juu, mnyoo huinuka na kukimbia, na hakuna nyungunyungu anayekimbia. Unainua ufito, unashusha ufito, unaongeza uzito punje moja, unaupunguza. Trauti akimtia mdomoni, dalili pekee ni mshipi kusita kwa muda wa kupepesa jicho. Wengi wanaoita jambo hili rahisi hawajawahi kuuona msito huo. Samaki wameonja na kutema mbele yao asubuhi nzima.

Sharti la nzi bandia pekee kwenye mito ya trauti lina sababu moja nzuri, na naiheshimu. Chambo halisi kina ladha. Samaki humeza, ndoano hushuka kooni au tumboni, na ukimrudisha majini uwezekano wa kufa ni mkubwa. Kitu cha bandia hakina ladha, samaki huking'amua upesi, kwa hiyo ndoano hushika mdomoni. Mnyoo wa uzi yuko upande gani? Yuko upande wa bandia. Hana harufu wala utamu. Akibanwa na meno hutemwa kama nzi mwingine yeyote. Sababu iliyozaa sharti haimgusi hata kidogo, kwa hiyo anayemkataa anatetea kitu kingine.

Kitu hicho ni tabaka. Enzi za ukoloni, mito ile iliwekewa leseni, na leseni ilikuwa na bei na masharti. Wazee wengi wa Kikuyu hawakula samaki kabisa, lakini watoto waliozaliwa baada ya trauti kuzagaa walijifunza utamu wake haraka, na walivua kwa walichokuwa nacho: kijiti, uzi, ndoano, nyungunyungu kutoka shambani kwa mama. Mzungu mwenye ufito kutoka London alikuwa mvuvi. Mtoto wa Othaya mwenye kijiti alikuwa mwizi, mtoni kwao. Tofauti iliyoonekana kwa macho, iliyotosha mlinzi kukimbiza mmoja na kumsalimu mwingine, ilikuwa ncha ya mshipi: nzi au mnyoo. Uhuru ukaja, mashamba yakabadilisha wenyewe, na wengi wa wavuvi wa nzi sasa ni wajukuu wa watoto waliokimbizwa. Karaha dhidi ya mnyoo ikabaki palepale, hata mnyoo alipogeuka uzi.

Sisi Waturkana tumezoea kuambiwa nani ni mvuvi. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilipofungwa, maelezo yaliyopendwa yalikuwa kwamba Waturkana ni wafugaji, hawajui samaki. Hayo yaliandikwa kwa urahisi kuliko ukweli kwamba gharama ya kugandisha ilipita bei ya samaki mwenyewe, na kwamba Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kulisha kiwanda, ilikauka katikati ya miaka hiyo. Ilhali Lothagam, upande huu huu wa magharibi wa ziwa, wanaakiolojia wamechimbua ncha za vyusa vya mfupa, zilizochongwa meno kwa uangalifu, za zaidi ya miaka 6,000. Waliozitengeneza hawakuomba ruhusa ya klabu.

Nina mashtaka yangu mwenyewe, na hayo sitayafumbia macho. La kwanza ni ule mchezo wa kupigapiga miguu mtoni ili kuibua minyoo kutoka mchangani, kisha kuwarushia samaki waliokusanyika chini yako wakila. Umeanzia San Juan, na huko wenyewe wameupiga marufuku. Unavuruga mayai, unaua mabuu, unageuza sakafu ya mto kuwa zizi. Mwenye kufanya hivyo afukuzwe, awe amefunga mnyoo au malaika.

La pili ni mpira. Siku hizi mnyoo anayeuzwa sana si wa uzi. Ni wa mpira laini unaotetemeka, uliotokana na vitu vya kuchezea watoto. Unavutia samaki, sibishi. Lakini unakatika kwa urahisi, na kila kipande kinachokatika hubaki mtoni miaka, au huingia tumboni mwa samaki. Hautaki gundi, hautaki joto. Niliacha kasha la minyoo hao ndani ya gari Lodwar mchana mmoja wa Februari. Niliporudi walikuwa wameshikana kuwa bonge moja la waridi na wameanza kuulainisha hata mfuniko wa kasha. Kama klabu zinatafuta sharti jipya, hapa ndipo pa kuliweka: mpira hapana, ndoano iwe moja na isiyo na kinembe, miguu itulie. Masharti hayo yanamlinda samaki na yanaulinda mto, na mlinzi anaweza kuyakagua kwa kufungua kisanduku, bila kuhitaji kujua baba yako alikuwa nani.

Mnyoo ninayefunga mimi ana vitu vitatu, na vyote hupatikana bila kuagiza ng'ambo. Sufu nyekundu ya kufumia, ya dukani. Waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua, wa kumpa uzito, kwa sababu asipogusa sakafu hana kazi. Na ushanga mmoja wa kioo, mwekundu uliofifia, kutoka kwa akina mama wanaouza shanga za shingoni sokoni Lodwar; nachagua wenye tundu pana, ndoano ipite. Anayetaka kumpima dhidi ya nzi wake wa Hampshire aje Thiba masika yajayo, mto ukiwa na matope, tuanzie daraja moja na kupanda juu, na kila samaki arudi majini.